Mtungi Ulioacha Kutoa Jasho

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Kahaso alikuwa na kazi moja. Alikwenda kwenye mtungi wake uliokuwa nje, karibu na mlango wa jikoni. Alifunua kawa, akatoa kikopo cha plastiki kilichokuwa kikielea juu ya maji. Ndani ya kikopo mlikuwa na chupa ndogo ya dawa. Hiyo ndiyo dawa yake ya ugonjwa wa sukari, iitwayo insulini. Alijidunga sindano, akairudisha chupa kikoponi, akakirudisha kikopo mtungini. Jioni alifanya vivyo hivyo.

Nyumba ilikuwa ya mwanawe, Tsuma, dereva wa tuktuk hapo Mwabungo, pwani. Haikuwa na friji, kama vile nyumba yake ya zamani kule Kinango. Ndiyo maana daktari wa huko alimfundisha Mama Kahaso kuweka dawa mtungini. Dawa hii haipendi joto, na mtungi wa udongo ni baridi. Hilo hata wazee wa zamani walilijua.

Mama Kahaso alihamia kwa mwanawe baada ya mumewe kufariki. Alikuja na nguo zake, kuku wawili na mtungi huo. Ulifinyangwa na shoga yake wa utotoni, basi safari nzima aliupakata kama mtoto mchanga. Kuku walifungwa miguu wakatupwa nyuma ya gari. Mtungi ulikaa mapajani.

Rispah, mke wa Tsuma, alizaliwa na kukulia Nairobi. Alikuwa akifanya kazi ya kufua shuka katika hoteli moja ya Diani. Mama yake mzazi alifariki Rispah angali msichana mdogo. Kwa hiyo mama mkwe alipoingia nyumbani, Rispah alifurahi kuliko hata Tsuma mwenyewe. Wapo wake wanaomwona mama mkwe kama askari wa zamu. Rispah aliona amepata mama tena. Alimpashia moto maji ya kuoga, akamkata kucha, akamnunulia viatu laini visivyoumiza miguu.

Jambo moja tu lilimkera. Mtungi wa Mama ulikuwa umelowa nje saa zote. Chini yake mchanga ulikuwa na unyevu, na ubavuni ulianza kuota ukoga wa kijani. Kwao Nairobi maji yaliwekwa kwenye pipa la plastiki, na pipa likilowa nje, basi limetoboka.

"Mama, hii mtungi yako inavuja," alisema siku moja.

"Hauvuji, mwanangu. Unatoa jasho."

Rispah alicheka. Alidhani ni mzaha wa watu wa Kinango. Mama Kahaso naye hakueleza zaidi, kwa kuwa hakuwa na la kueleza. Alijua kwamba mtungi hupoza maji, lakini hakujua kwa nini. Tusimcheke. Wengi wetu tuko hivyo hivyo na simu zetu za mkononi.

Ikatokea Mama Kahaso akaitwa Kinango kwenye matanga ya ndugu yake. Aliifunga dawa yake kwa kitambaa kibichi, akaenda.

Siku hizo hotelini milango ilikuwa ikipakwa rangi. Fundi alibakiwa na mkebe nusu wa rangi ya mafuta, ya samawati, ile inayong'aa. Akampa Rispah. Na Rispah, kwa mapenzi yake yote, akajua la kuifanyia.

Alitumia siku yake ya mapumziko nzima. Aliyamwaga maji ya mtungi, akausugua ukoga, akauanika ukakauka kabisa. Kisha akaupaka rangi mara mbili, kuanzia shingoni hadi kitakoni. Rangi ilipokauka, alichukua brashi ndogo akauchorea maua meupe shingoni. Aliuingiza ndani, akauweka sebuleni juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, pale ambapo mgeni akiingia atauona kwanza. Akaujaza maji. Haukutoa hata tone moja nje.

"Nimeuziba," alimwambia Tsuma kwa furaha. "Sasa hauvuji tena."

Mama Kahaso aliporudi, alisimama mlangoni. Aliutazama mtungi. Kisha akamtazama mkaza mwanawe, aliyekuwa amesimama na vidole vyenye madoa ya samawati, akingoja kama mtoto anayengoja kusifiwa.

"Umependeza, mwanangu," alisema. "Umependeza kama bibi harusi."

Akatumbukiza kikopo cha dawa mtungini.

Kesho yake alikunywa maji akaona ni vuguvugu. Akajiambia ni joto la kaskazi tu. Siku zilipopita na maji yakabaki vile vile, alijua moyoni kwamba si kaskazi. Lakini aliwaza: nikisema, nitamvunja moyo mtoto wa watu. Kunywa maji ya vuguvugu si msiba. Hakuifikiria dawa hata kidogo. Kikopo kilikuwa mtungini, na kwake yeye mtungi ulikuwa ni mtungi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama Kahaso alianza kuwa na kiu isiyokwisha. Alikwenda chooni mara kwa mara. Macho yaliingia ukungu hata akashindwa kutia uzi kwenye sindano ya kushonea. Alichoka kabla ya jua kupanda. Alikuwa amejikwaruza mguuni kwenye jiwe, jambo dogo tu, lakini kile kidonda kikakataa kufunga.

"Mama," Tsuma alimwuliza, "unakula nini sisi tukiwa kazini?"

"Nakula mnachoniachia."

"Hakuna mandazi unayonunua pale dukani? Hakuna chai ya sukari?"

"Hakuna."

Tsuma alimtazama Rispah. Rispah aliangalia chini. Siku hiyo hiyo aliuchukua mkebe wa sukari jikoni akauficha chumbani mwake. Alifanya hivyo kwa wema, lakini ulikuwa wema mbaya. Mama Kahaso alipoingia jikoni aliiona nafasi tupu pale rafuni, akaelewa. Iliuma kuliko kidonda.

Alikunja leso zake moja moja akazitia mkobani.

"Nitarudi kwetu Kinango," alimwambia Rispah jioni. "Huku labda hewa hainikubali."

Rispah alikaa chini sakafuni mbele yake. "Mama, ukienda huko ukiwa hivi, nani atakuangalia? Twende kwanza zahanati. Wakisema uende, nitakupeleka mwenyewe."

Asubuhi Tsuma aliwapeleka kwa tuktuk. Muuguzi aliyewapokea anaitwa Immaculate, na kila mtu humwita Sista. Alimchoma Mama Kahaso kidole, akasoma kipimo, kisha akakisoma tena. Aliinama akaukagua mguu.

"Sukari imepanda sana, Mama. Na kidonda hiki hakitapona sukari ikiwa juu namna hii. Tukikiacha, mguu wenyewe utakuwa hatarini. Umekuwa ukidunga dawa?"

"Sijakosa hata siku moja."

"Labda ni chai, Sista," Rispah alisema kwa sauti ya chini. "Pengine anaonja kidogo."

Mama Kahaso aligeuka akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni ya mtu mzima ni nzito kuitazama.

"Mwanangu, tangu nije kwako sijaonja sukari. Ungeniuliza, ningekwambia."

Rispah alifunika uso kwa mikono. Sista Immaculate aliwaacha wapumue kidogo. Kisha akauliza, "Dawa mnaiweka wapi?"

"Mtungini," alijibu Rispah.

"Mtungi wa udongo? Vizuri. Unapoza maji?"

Mama Kahaso alikuwa akikunjakunja ncha ya leso yake.

"Zamani ulipoza," alisema mwishowe. "Tangu upakwe rangi, maji ni vuguvugu."

Rispah alishusha mikono. "Mbona hukuniambia, Mama?"

"Uliupaka vizuri sana."

Sista alijishughulisha na pamba na bendeji. Alipomaliza kuufunga mguu, aliinua chupa ya dawa waliyokuja nayo akawaonyesha.

"Insulini ni dawa laini. Ikikaa kwenye joto siku nyingi, nguvu zake hupotea. Unaweza kuitazama hivi ukaiona nzima, kumbe imekufa. Mama alikuwa akijidunga, lakini mwilini hakukuwa na kazi inayofanyika. Nampa chupa mbili mpya, na wiki ijayo nataka kumwona. Lakini chupa mpya ikikaa katika joto lile lile, nayo itakufa. Mwalimu Mwanarusi si jirani yenu? Mwambieni awaonyeshe habari ya mtungi. Anafundisha sayansi, na huwa hachoki kueleza."

Mwalimu Mwanarusi alibisha hodi alasiri ile ile. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na mkononi alishika kipimajoto cha shule, kile cha kioo chenye mstari mwekundu ndani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kumtazama mgonjwa au mtungi?"

"Wote wawili," alisema Mwalimu, akaketi. Aliuzunguka mtungi kwa macho. "Wallahi, maua haya ni mazuri. Nani amechora?"

"Ni mimi," alisema Rispah, na machozi yakamlengalenga.

"Usilie bado. Lete maji kwenye bakuli, na kitambaa chepesi, na kipepeo cha jikoni."

Kwanza Mwalimu alikishika kipimajoto hewani wakasoma mstari mwekundu ulipofika. Kisha akakitumbukiza katika maji ya mtungi, wakangoja. Mstari ulisimama pale pale.

"Mnaona? Maji haya yana joto sawa na chumba. Mtungi huu haupozi chochote. Sasa tazameni."

Alikichovya kitambaa majini, akakizungushia kwenye ncha ya kipimajoto. Akampa Rispah kipepeo. "Pepea, kama unapulizia jiko la makaa."

Rispah alipepea. Mama Kahaso alisogea karibu, akakaza macho yake yenye ukungu. Mstari mwekundu ulianza kushuka. Ulishuka taratibu, ukazidi kushuka.

"Huo hapo unateremka," alisema Mama Kahaso kwa mshangao. "Na hatukutia barafu."

"Hatukutia barafu, Mama. Maji ya bakuli hayakuwa baridi. Baridi imetoka wapi?"

Rispah alifikiri. "Kwenye upepo?"

"Upepo ni ule ule wa chumba hiki. Mama, ukioga kisha ukasimama nje kabla ya kujifuta, unasikiaje?"

"Baridi. Hata kukiwa na jua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimelowa."

"Umefika," alisema Mwalimu. "Maji yaliyo juu ya ngozi yako yanakauka. Kukauka maana yake ni kwamba yanageuka mvuke na kuruka hewani. Lakini maji hayawezi kugeuka mvuke bure. Yanahitaji joto. Ukiyaweka sufuriani, huchukua joto la moto. Yakiwa mwilini mwako, huchukua joto la mwili wako. Yanaondoka nalo. Kinachobaki nyuma kinapoa. Ndiyo kazi ya jasho letu pia."

"Na mtungi?" Rispah aliuliza, ingawa alikwisha kuanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtisha.

"Udongo uliochomwa una vinyweleo vidogo sana, kama vya ngozi. Maji yaliyomo ndani hupenya polepole hadi nje. Pale nje yanageuka mvuke, na joto yanaloondoka nalo yanalitoa mtungini. Kwa hiyo maji ya ndani yanapoa, na dawa iliyomo inapoa. Mtungi haukuwa ukivuja, Rispah. Ulikuwa kazini."

"Nami nikauziba."

"Rangi ya mafuta haipitishi maji. Ni sawa na kumvika mtu koti la mvua wakati wa kaskazi na kumwambia asitoe jasho. Tena uliuingiza ndani, ambako hakuna upepo wa kuchukua mvuke."

Rispah aliweka kipepeo chini. "Basi nimeiua dawa ya Mama kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikamfichia sukari."

Mwalimu hakumbembeleza kwa uongo. "Ulifanya bila kujua. Sasa unajua."

Mama Kahaso ndiye aliyemvuta mkono akamkalisha karibu naye. "Nami niliona maji yamebadilika nikanyamaza. Tumekosa pamoja. Wewe ulipaka mtungi, mimi nikapaka maneno."

Halafu Mama Kahaso, ambaye akili yake haikuwahi kulala, akauliza, "Mwalimu, mbona kule Kinango mtungi huu huu ulipoza zaidi? Hata kabla ya rangi, hapa haukuwa kama kule."

Mwalimu Mwanarusi alifurahi. Kwa mwalimu, swali zuri ni kama halua.

"Kinango hewa ni kavu. Hewa kavu ina nafasi ya kupokea mvuke, basi maji hukauka haraka na mtungi hupoa sana. Hapa tuko jirani na bahari. Hewa yetu imekwisha kubeba mvuke mwingi, nafasi ni ndogo. Kwa hiyo huku mtungi unahitaji msaada zaidi: kivuli, upepo, na ngozi yake wazi."

"Tukiusugua kwa msasa?" Rispah aliuliza.

"Rangi imezama ndani ya vinyweleo. Utautoboa mtungi kabla ya kuvifungua."

Mama Kahaso aliupapasa mtungi wa shoga yake, taratibu, kwenye yale maua. "Basi utawekewa mchele. Mchele hautaki baridi, na wadudu hawatapita hapa. Usiutupe."

Kesho yake Rispah alinunua vyungu viwili vipya Ukunda, kimoja kikubwa na kimoja kidogo kinachoingia ndani ya kikubwa. Mwalimu aliwasimamia. Walitia mchanga chini ya chungu kikubwa, wakaweka kile kidogo juu yake, kisha wakajaza mchanga katika nafasi iliyobaki baina ya vyungu. Wakaumwagia mchanga maji hadi ukalowa vizuri. Chungu kidogo kilibaki kikavu ndani. Humo ndimo kilimokaa kikopo cha dawa, kikiwa kimefungwa vizuri, na juu vyungu vikafunikwa kwa kitambaa kibichi.

"Mchanga ukikauka, kazi imesimama," Mwalimu aliwakumbusha. "Lowesheni mchanga asubuhi na jioni. Kitambaa vile vile. Chungu kikae kivulini, mahali penye upepo, kisikae juani wala karibu na jiko."

Walikiweka barazani upande wa bahari, penye kivuli cha paa. Mwalimu aliwaachia kipimajoto cha zamani cha nyumbani kwake. Baada ya muda walikisoma. Ndani ya chungu palikuwa na ubaridi kuliko hewa ya nje, na nje ya chungu kikubwa palikuwa pamelowa.

"Si friji," alisema Mwalimu. "Friji ina baridi zaidi. Lakini kwa chupa inayotumika, panatosha. Mkiona joto la ndani ya chungu limepita nyuzi thelathini, nileteeni dawa. Chupa ambayo haijafunguliwa itakaa kwenye friji yangu tangu leo, mbali na sehemu ya barafu. Insulini ikiganda nayo huharibika."

Rispah alikishika chungu kwa viganja viwili. Kilikuwa kimelowa. Hakukipangusa.

Usiku ule alirudisha mkebe wa sukari mahali pake rafuni. Alimkuta Mama Kahaso akitoa leso mkobani na kuzirudisha kwenye kamba, akamsaidia kuzitundika.

Waliporudi zahanati, Sista Immaculate alichoma kidole, akasoma, akatabasamu. Sukari ilikuwa imeshuka. Haikuwa imefika pale anapopataka, lakini njia ilikuwa nzuri. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga pembeni. Baada ya wiki nyingine chache kilifunga kabisa, na ukungu wa macho ukatoka. Mama Kahaso alianza tena kushona. Majirani wawili wenye wagonjwa wa sukari walikuja kuvitazama vile vyungu, na aliyewaeleza habari ya mvuke alikuwa Mama Kahaso mwenyewe, kwa majivuno kidogo.

Jioni moja Rispah alitoka kazini akapika sima na mchunga wa tui, ile mboga ya majani machungu. Wakaketi barazani wote watatu. Mama Kahaso alichukua tonge la kwanza, akatafuna polepole, akameza. Kisha akaosha vidole.

"Rispah, mwanangu. Nina neno."

Rispah alishtuka. "Ni mguu?"

"Mguu mzima. Ni mchunga. Hujui kuupika."

Tsuma aliacha kutafuna. Rispah alimkazia macho mama mkwe wake.

"Unauchemsha mara moja tu," aliendelea Mama Kahaso. "Yale maji ya kwanza humwagwa. Ndiyo yenye uchungu. Tangu nifike hapa nimekuwa nikila mchunga mchungu, nikikusifu."

"Kila mara, Mama?"

"Kila mara."

Rispah alianza kucheka, na kicheko kikachanganyika na machozi asiyajue ya wapi. Mama yake mzazi alikufa mapema mno, hakupata kumwambia mambo kama haya.

"Na wali wa nazi?" aliuliza, akijifuta uso. "Wali wangu je?"

Mama Kahaso aliwaza. Alitazama baharini, akamtazama mwanawe, ambaye aliinamia sahani yake upesi.

"Kesho usiende popote ukitoka kazini," alisema. "Tutapika wote."